Simu za kisasa zilivyofuta mpaka kati ya ofisi na nyumbani

SHERIA ya Ajira ambayo huwalinda wafanyakazi nchini Kenya ilianza kutumika Juni 2, 2008. Wiki tano baadaye, Julai 10, kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka lake la programu za simu likiwa na programu zipatazo 500. Hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili wakati huo, wala hapakuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Leo ni vigumu kuyatenganisha. Sheria hiyo iliandikwa na watu waliojua kwamba kazi ina mahali pake na saa zake. Mtu aliingia ofisini asubuhi akatoka jioni, na akishatoka mwajiri alikuwa na njia chache za kumfikia. Programu zilizofuata, ambazo vijana huziita apu, zimeiondoa kazi mahali pale na kuitia mfukoni mwa mfanyakazi, ambako hukaa mchana na usiku, Jumapili na sikukuu.

Wanaoathirika zaidi ni wataalamu vijana: wahasibu, maafisa wa mauzo, mawakili, wahandisi na wengineo walioajiriwa katika muda wa miaka 10 au 15 iliyopita. Hawa hawakuijua ofisi ya tarishi na simu ya mezani. Siku walipopokea barua ya ajira ndiyo siku waliyoingizwa katika kundi la WhatsApp la idara, na wengi wao hawakuona tofauti kati ya mambo hayo mawili.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa umri wa miaka 28 anayefanya kazi mtaani Westlands, Nairobi, na kuishi Rongai. Ni mfano tu, lakini wengi watajiona ndani yake. Ujumbe wa kwanza wa kazi humkuta kitandani saa kumi na mbili unusu asubuhi, msimamizi akiuliza iwapo orodha ya wadeni imetumwa. Akiwa ndani ya matatu hujibu barua pepe mbili. Saa mbili usiku, anaposonga ugali, kundi la idara huanza mjadala kuhusu mkutano wa kesho. Hakuna aliyemwamuru ajibu. Lakini wenzake watatu wamekwisha kuandika "sawa, mkuu", na kimya chake kinaonekana na kila mmoja. Huacha mwiko, akafuta mikono na kuandika.

Akiulizwa siku hiyo alifanya kazi kwa saa ngapi, atasema nane.

Jibu hilo ndilo linaloufanya mjadala huu kuwa mgumu. Saa zilizoongezeka hazikuja kwa pamoja kama zamu ya usiku, ambayo mtu huiandika daftarini na kuidai malipo mwisho wa mwezi. Zilikuja kwa vipande: dakika tano jikoni, kumi kwenye foleni ya benki, tatu kanisani wakati wa matangazo. Mfanyakazi mwenyewe hazihesabu. Akizidai ataonekana mchoyo, kwani ni nani atakayedai malipo kwa kuandika neno "sawa"?

Mabadiliko haya yalikuja hatua kwa hatua. Katika miaka ya 2000 simu zilizoweza kupokea barua pepe, hasa zile za BlackBerry, zilikuwa za wakurugenzi na mabalozi. Kuwa nayo kulikuwa dalili ya cheo, na aliyesumbuliwa nayo usiku alilipwa mshahara uliolingana na usumbufu huo. Kisha, mwaka wa 2009, nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Kenya kupitia baharini, na gharama ya intaneti ikaanza kushuka. Mapema mwaka wa 2011 simu ya IDEOS ya kampuni ya Huawei, iliyotumia mfumo wa Android, iliuzwa nchini kwa chini ya Sh10,000. Mtu wa mshahara wa kawaida akapata kifaa kilichokuwa cha mkurugenzi. Alichokosa ni mshahara wa mkurugenzi.

Janga la corona lilikamilisha kazi hiyo. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, na kabla ya mwezi huo kwisha wafanyakazi waliokuwa na uwezo walikuwa wametakiwa kufanyia kazi nyumbani, huku kafyu ikitangazwa kuanzia Machi 27. Meza ya kulia ikawa meza ya ofisi. Mikutano ya video ilifanywa watoto wakilia upande wa pili wa pazia. Ofisi zilipofunguliwa tena, wafanyakazi walirudi lakini mazoea ya kutafutana saa zote hayakuondoka.

Ni kwa nini basi mtu asiiweke simu kando? Swali hili huulizwa mara nyingi na watu wa umri mkubwa, nalo lina majibu mawili.

Jibu la kwanza limo katika jinsi programu hizi zilivyoundwa. Zamani mtu alikuwa akiifungua barua pepe yake kama anavyofungua sanduku la posta, kwa wakati aliouchagua. Mfumo wa arifa uligeuza jambo hilo. Simu hudumisha mawasiliano ya kudumu na seva za Apple au Google, na mara ujumbe unapotumwa, seva huisukuma arifa hadi kwenye simu, ikalia, ikatetemeka, na kuonyesha kidoa chekundu chenye idadi ya jumbe ambazo hazijasomwa. Anayetuma ndiye anayechagua wakati, si anayepokea.

Kidoa hicho hakikuwekwa kwa bahati. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita kwamba njiwa anayepata chakula kila anapodonoa hutosheka na kutulia, bali yule anayepata mara moja moja, bila kujua ni lini, hudonoa bila kukoma. Simu humtendea mtu vivyo hivyo. Arifa tisa huwa za upuuzi, ya kumi ikawa ya bosi anayeuliza hesabu za benki. Maadamu mtu hajui ni ipi, huzifungua zote.

Mnamo Novemba 2014 WhatsApp iliongeza alama mbili za buluu zinazomjulisha mtumaji kwamba ujumbe wake umesomwa. Baina ya marafiki, alama hizo zilizua ugomvi mdogo mdogo. Kazini zilizua jambo zito zaidi. Mfanyakazi alipoteza kisingizio cha zamani kwamba hakuona ujumbe. Mwajiri naye, hata asiyekuwa na nia mbaya, alipata daftari la mahudhurio lisilokuwa na saa ya kufungwa. Ni kweli kwamba alama hizo zinaweza kuzimwa katika mazungumzo ya watu wawili, lakini katika makundi haziwezi kuzimwa, na makundi ndiko kazi inakofanyika.

Kuna pia gharama ya akili ambayo haionekani katika hesabu za kampuni. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Irvine, amepima kwa miaka mingi jinsi wafanyakazi wa ofisini wanavyotumia tarakilishi. Mwaka wa 2004 aligundua kwamba mtu alikaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia nyingine. Katika vipimo vya miaka ya baadaye, wastani huo ulikuwa umeshuka hadi sekunde 47. Kwa mhasibu anayesawazisha hesabu za mwezi mzima, kila mkatizo humlazimu atafute upya mahali alipokuwa. Ndiyo maana wengi husema kwamba kazi yao halisi huanza saa kumi na moja jioni, wenzao wanapoondoka na simu kupumzika kidogo. Jioni hulipia yaliyoharibika mchana.

Jibu la pili halihusu saikolojia, nalo ni la Kenya hasa.

Mfanyakazi wa Ujerumani au Ufaransa ambaye amepewa simu na kampuni anaweza kuiacha katika droo ya ofisi. Simu inayobeba kazi za mhasibu wetu ni yake mwenyewe. Aliinunua kwa pesa zake, pengine kwa kulipa kidogo kidogo kila siku, na data huinunua mwenyewe. Zaidi ya hayo, simu hiyo ndiyo kibeti chake. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, nauli, kodi ya nyumba, karo, mchango wa chama na pesa za mama kijijini hupitia katika laini ile ile. Akiizima ili bosi asimpate, hatapatikana pia na mama yake, mwenye nyumba hatalipwa, na yeye mwenyewe hatakuwa na nauli ya kumfikisha Rongai.

Kwa hivyo ushauri wa kuzima simu, unaorudiwa katika vitabu vingi vya ng'ambo kuhusu maisha bora, haufai kitu hapa. Wapo walionunua simu ya pili, au wakaweka laini mbili katika simu moja, ya kazi na ya nyumbani. Hila hiyo husaidia kwa muda mfupi. Punde si punde mwenzao mmoja wa ofisini hupata nambari ya pili kwa sababu ya harambee au mazishi, na nambari ikaingia katika orodha ya idara.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Simu hizi zimewapa vijana uhuru ambao wazazi wao hawakuwa nao. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuondoka mapema, akakwepa msongamano wa magari katika barabara ya Thika, na kumaliza ripoti akiwa nyumbani. Mfanyakazi mchanga anaweza kumuuliza mkurugenzi jambo bila kupitia kwa makatibu watatu. Wengi wa wanaolalamika kuhusu ujumbe wa saa mbili usiku ndio haohao wanaoagiza bidhaa na kuzungumza na wapenzi wao saa nne asubuhi, na mwajiri hulipia dakika hizo. Mwajiri akisema kwamba hesabu ikifanywa ifanywe pande zote mbili, ana hoja.

Hoja nyingine ya waajiri ni aina ya kazi yenyewe. Mitambo ya benki haichagui saa ya kuharibika. Kampuni ya Nairobi inayohudumia mteja wa New York hufungua siku ya mteja huyo saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea majira ya huko, na kuifunga baada ya saa sita usiku. Sheria inayosema kwamba hakuna mawasiliano baada ya saa kumi na moja ingeifunga kampuni hiyo.

Lakini hakuna nchi inayojulikana kwa jambo hili iliyoweka sheria ya namna hiyo. Ufaransa, ambayo hutajwa kwanza kila mara, ilipitisha sheria mwaka wa 2016 iliyoanza kutumika Januari 1, 2017. Inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wawakilishi wao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Haikutaja saa. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 2004, mahakama kuu ya rufaa ya nchi hiyo ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi kutojibu simu yake ya kibinafsi nje ya saa za kazi si kosa la kumfanya aadhibiwe.

Nchini Ujerumani, kampuni ya Volkswagen haikungoja bunge. Mwaka wa 2011 ilikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi kwamba seva zake zisitume barua pepe kwenye simu zao kuanzia nusu saa baada ya zamu kwisha hadi nusu saa kabla ya zamu inayofuata. Mpango huo uliwahusu wafanyakazi zaidi ya 1,000, lakini wakuu wa kampuni hawakuwa miongoni mwao. Ureno, mwaka wa 2021, iliugeuza wajibu: badala ya kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu, ilimkataza mwajiri kumtafuta isipokuwa kwa dharura isiyoepukika. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu haki ya kutojibu humwachia mnyonge kazi ya kukaidi.

Australia ilichukua njia ya kati. Tangu Agosti 26, 2024, mfanyakazi anaweza kukataa kusoma au kujibu ujumbe wa kazi nje ya saa zake, isipokuwa kukataa kwake kukiwa hakuna busara. Busara hiyo hupimwa kwa kuangalia sababu ya kutafutwa, cheo chake, hali ya familia yake, na iwapo analipwa kwa ajili ya kupatikana.

Suala hilo la mwisho ndilo lililofafanuliwa vyema na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya Februari 2018. Mlalamishi alikuwa mzima-moto wa kujitolea katika mji wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa kukaa nyumbani kwake akiwa tayari kufika kituoni ndani ya dakika nane. Mahakama iliamua kwamba muda huo wa kungoja ni muda wa kazi, kwani masharti aliyowekewa yalimnyima nafasi ya kufanya shughuli zake. Mhasibu wa Rongai hajawekewa dakika nane, wala hukumu hiyo haimhusu kisheria. Hata hivyo, inatenganisha mambo mawili ambayo hapa kwetu huchanganywa: kujibu na kungoja. Anayejibu ujumbe ametumia dakika mbili. Anayejua kwamba huenda ujumbe ukaja ametumia jioni nzima.

Kenya imewahi kulijadili jambo hili rasmi. Mswada wa marekebisho ya Sheria ya Ajira uliowasilishwa mwaka wa 2022 na Seneta wa Nandi, Bw Samson Cherargei, ulipendekeza kwamba mfanyakazi asiadhibiwe kwa kutojibu nje ya saa zake. Aidha, ulimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 aandike, kwa kushauriana nao, sera ya mawasiliano ya nje ya saa za kazi. Atakayekiuka angetozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Shirikisho la Waajiri nchini (FKE) liliupinga.

Huenda adhabu ya kifungo ilikuwa kosa la mswada huo, kwani ilivuta macho yote na kuyaacha mambo ya maana zaidi bila kujadiliwa. Ikumbukwe kwamba sheria iliyopo si bubu. Sheria ya Ajira humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya angalau siku 21 za kazi kila mwaka. Kanuni za jumla za mishahara huweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52 zilizogawanywa kwa siku sita, na kutaka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, au mara mbili katika siku za mapumziko na sikukuu. Zaidi ya yote, Kifungu cha 41 cha Katiba humhakikishia kila mfanyakazi mazingira ya kazi yanayofaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kama ujumbe wa Jumapili saa tatu usiku ni kazi au ni mazungumzo.

Kuna kundi moja ambalo halina shaka kuhusu jibu. Madereva wa teksi za mtandaoni, ambao wamekuwa Nairobi tangu Uber ilipoingia Januari 2015, hawana bosi anayewatumia ujumbe. Apu yenyewe ndiyo bosi: huwagawia kazi, huwapangia nauli, huwapima kwa nyota za abiria na huweza kuwafungia nje. Migomo yao ya mara kwa mara ilichangia kuwekwa kwa kanuni za mwaka wa 2022 zilizozuia kampuni kukata zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Madereva walifika hapo kwa sababu kila safari yao huandikwa na kuhesabika. Wahasibu na mawakili, licha ya elimu yao, hawana kumbukumbu kama hiyo ya kuweka mezani.

Ofisi zinazotaka kupunguza malalamiko hazihitaji kungoja Seneti. Barua ya ajira inaweza kutaja ni nani yuko zamu ya simu jioni ipi, kama zinavyofanya hospitali kwa madaktari wake, na kwamba anayekuwa zamu hulipwa marupurupu hata simu isipolia. Inaweza kutaja ni nani anayelipia data. Barua pepe inayoandikwa saa tano usiku inaweza kupangwa itumwe saa mbili asubuhi. Programu nyingi za barua pepe zina uwezo huo, na msimamizi hupoteza sekunde chache tu kuutumia. Maagizo ya kazi yanaweza kuondolewa katika kundi la WhatsApp ambamo pia watu hutumiana salamu za Krismasi na michango ya mazishi.

Dharura nayo inaweza kuwekewa njia yake: mtu apige simu. Kupiga simu humlazimu msimamizi asikie sauti ya mtoto anayelia au sufuria inayochemka, na kueleza kwa maneno yake ni kwa nini jambo hilo haliwezi kungoja kesho.